Kichwa ya Karé Yenye Ilienda Beni

Mardi 9 Octobre 2001

Nimehesabu tena leo. Turnevisi kumi na moja! Bichwa byake bya kubadilisha arobaini na mbili! Mu Butembo muzima nani ananifikia? Anyooshe mukono.

Mwalimu alitufundishaka ati turnevisi, ku kitabu banaandika bisibisi. Hapa ukisema bisibisi banakuangalia kama mugonjwa. Njo maana niliacha masomo. (Uongo. Masomo njo iliniacha.)

Zangu ni za zamani, za Babelge, si hizi za plastiki zenye kupinda kama ndizi. Mupini ya muti. Unafungua kifuniko nyuma, ndani bichwa bimelala kama batoto mu kitanda moja: ya bapa, ya musalaba, kadogo ka saa. Unachomoa moja, unaingiza ingine. Mupini ya kwanza ilikuwa ya papa, fundi wa mashini za kushona, Mungu amulaze pema. Zingine nilitafuta mwenyewe, mpaka Kirumba, mu mafungu ya byuma bikuukuu.

Kuko kichwa moja ndefu, ya karé, pembe ine. Naiita Abbé, padri. Safi, imenyooka, lakini haina bibi — tangu papa aipate, hakuna visi, hizi misumari za kuzungusha, yenye inaingia.

Mama eko Beni tangu tarehe makumi mbili ya mwezi wa tisa. Alienda kuuzisha maharagi, siku tatu tu. Barabara ikafungwa sababu ya vita. Hatuna habari.

Haya, naandika, hakuna mwenye atasoma. Ile asubui aliniita nimubebee mufuko mpaka ku parking. Nilikuwa napakaa bichwa mafuta. Nikasema: ngoja kidogo, mama. Akacheka — utaoa hizi byuma, utanizalia bajukuu ba visi! Akajitwika mwenyewe. Nilipofika ku parking, camion, lori ya Beni, ilikuwa imeenda.

Samedi 13 Octobre

Nimeenda ku fonie kwa Ananie, mara ya ine. Fonie ni redio ya kusemeana: unafinya butoni, unasema, ukimaliza unasema "terminé", unaachilia, njo mwengine anajibu. Ukiendelea kufinya, hausikie kitu. Na batu bote ba Butembo na ba Beni banasikia siri yako! Mwezi jana mutu mumoja aliambia bibi yake ati tumbo inamuendesha. Mpaka leo tunamusalimia: tumbo namna gani, papa?

Lakini Beni iko kimya. Ananie anaita: Beni, Beni, hapa Butembo. Shhhhhh. Anaita tena. Shhhhhh.

Kavira, dada yangu mudogo, mwenye ananiitaka yaya, kaka mukubwa, ananiuliza kila mangaribi: yaya, mama ni kesho? Nasema ni kesho. Kesho hii imeanza kuchakaa.

Jeudi 18 Octobre

Maajabu!

Barua imefika na avion, ndege kadogo, pale ku kiwanja ya Rughenda. Ni ya Aristote, mwenye fonie ya Beni. Ananie alitusomea sisi bote benye tulikuwa tunangoja. Fonie yao imekufa. Waya imekatika ndani. Kuirudisha ni dakika mbili, Aristote mwenyewe anajua. Lakini kufungua sanduku haiwezekani! Padri muzungu mwenye aliileta aliifunga na visi za pembe ine, ndani ya matundu marefu, halafu akarudi kwao na turnevisi yake. Bamejaribu na kisu. Kisu ikavunjika.

Nikaruka juu ya benchi. "Abbé amepata bibi!"

Batu bakaniangalia kama mwenye malaria ya kichwa. Nikabaeleza. Ananie akasema: weye mwendazimu, na bile bichwa byako bya kuchekesha? Nikamuambia: kaka, kesho utaniita docteur.

Lakini avion hainibebe. Nafasi ni za batu bakubwa. Tantine Agar, infirmière, muuguzi wa hospitali, anaenda Beni Dimanche, siku ya Mungu. Atabeba enveloppe moja.

Abbé haijalala inje hata siku moja. Kavira anasema: yaya, ni kyuma tu. Sauti yake ilikuwa ya mama kabisa.

Dimanche 21 Octobre

Rughenda, saa mbili asubui, baridi ya kukata masikio. Nilifunga Abbé mu kipande ya kikwembe ya mama, kitenge yake ya majani, ili aijue. Na barua niliandika mwenyewe: "Kisha kufungua, mutafute ku soko mama yangu, Mama Kamate, wa maharagi, eko na mwanya mu meno, anacheka kwa nguvu. Mumupe kichwa hii mu mukono. Hapana kuuzisha. Airudishe yeye mwenyewe."

Tantine Agar akasoma, akatikisa kichwa. "Kijana, unatuma kyuma ao unaita mama?"

Nikasema: byote mbili, tantine.

Akanishika shavu. Mbele ya batu! Miye, miaka kumi na saba!

Avion ikapanda, ikakuwa kama inzi. Nikarudi natembea kama muheshimiwa.

Saa kumi na moja ya mangaribi. Naingiza mukono mu mufuko ya suruali. Kitu gani hii? MUPINI! Nimetuma kichwa bila mupini! Kikwembe nilikumbuka, barua nilikumbuka, mwanya ya mama nilikumbuka. Sasa batazungusha na nini, na meno?

Docteur. Docteur ya bure kabisa.

Mercredi 24 Octobre

Shhhhhh.

Ananie anaita, anaita.

Lundi 29 Octobre

Batu banasema masasi ya bunduki imelia upande wa Mavivi, karibu na Beni. Bengine banasema hapana, ni radi. Nilipika sombe, majani ya muhogo, ikaungua. Kavira alikula bila kunicheka. Alilala mu kitanda ya mama, miye chini yake ku mukeka. Akaniuliza kama mufuko ya maharagi ilikuwa nzito. Nikajifanya nimelala.

Samedi 3 Novembre

Naandika hapa ku meza ya Ananie.

Beni inasema! Aristote alianza: Butembo, Butembo, niko na mama ya mutu hapa. Halafu yeye. MAMA! Sauti ndogo kama eko ndani ya sufuria, lakini ni yeye, na kicheko yote!

Ananitukana. Mbele ya Butembo na Beni! Mutoto wa fundi anatuma kichwa bila mupini, baliona wapi? Batu ba kwenye benchi banaanguka na kucheka. Anasema Aristote alishindwa kuizungusha na mikono, njo akazunguka soko siku kumi, anaulizia mwanya. Akamupata. Na yeye, mama, njo alifungua fonie! Alishika Abbé na pensi, koleo ya kubana, akazungusha polepole, visi munane, namna papa alikuwa anafanya mupini ikikosa. "Umesahau? Si weye ulikuwa unamushikia taa?"

Sikujua mama alikuwa anaangalia. Alikuwa anatucheka tu, miaka yote.

Abbé iko kwake, amefunga mufundo ku pembe ya kikwembe. Aristote aliiomba, mama akamukatalia. Banasema camion moja itajaribu juma ijayo, ao hapana, hakuna mwenye anajua. Aristote alimuambia anaweza kubaki kwake na bibi yake mpaka barabara ifunguke.

Halafu mama akashusha sauti. Akasema: "Kamate. Ile mufuko haikuwa nzito."

Ni vumbi tu mu macho. Mu hii nyumba ya Ananie kuko vumbi mingi.

Nimefinya butoni ya huku, nimesema mama, mama! Haisaidie. Ananie anasema mama hajaachilia butoni yake, hajui, hakusema terminé. Kama anafinya kule, hakuna kitu kinamufikia. Aristote naye ametoka inje kuita batu ba soko.

Miye, mwenye mudomo kushinda Butembo yote, na sina nafasi ya neno moja.

Kavira amepanda ku meza, anapiga kelele mu fonie kama mama eko ndani. Ananie anamuacha. Niko nashika mupini ya papa.

Mama anaita sasa. "Kamate? Uko? Mbona haujibu?"

Niko, mama. Achilia kidole. Niko hapa.

"Kamate?"