Mbuzi Niliowagawa kwa Sababu ya Kiungulia

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Bibi yako hajambo, na uwele umeota vizuri. Lakini barua yako imenishtua! Kifua kinawaka kila ukila, nawe unalamba magadi tu?

Nilipokuwa nabeba magunia ya mahindi sokoni Kibaigwa, nilikuwa nashindilia ugali wa siku nzima kwa mlo mmoja, kisha najilaza palepale juu ya mahindi. Kifua kikawaka moto. Nikajua nakufa, nikamgawia kaka yangu mbuzi wangu wote.

Hospitalini muuguzi akauliza, "Ukishakula unafanya nini?"

"Nalala."

Akacheka. Akaniambia ukilala umeshiba, uchachu wa tumbo hupanda kifuani! Nikaanza kula kidogo kidogo, nikishiba nakaa wima. Moto ukazimika.

Nenda ukapimwe, mama. Wale mbuzi, kaka hakurudisha hata mmoja.

Babu yako