Kipande cha Vifaranga Ambacho Hakikuonyeshwa

Bariadi, Alhamisi, saa tisa alasiri

Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Nimefungua madirisha yote na bado shati linanigandia mgongoni.

Kwanza niwaombe radhi. Ninyi sita niliowaruhusu kusoma ukurasa huu, yaani wanangu watatu na wenzangu watatu wa chuo cha ualimu, mmekaa tangu mwezi wa sita bila kuona mstari wangu hata mmoja. Sikuwa mgonjwa wala sikusafiri. Nilinyamaza kwa sababu jambo la kweli la kuandika lilikuwa moja tu, nami sikuwa na ujasiri wa kuliandika. Leo ninao kidogo. Nautumia kabla haujaisha.

Mmoja wenu aliniuliza kwenye simu kama uzee umeninyang'anya kalamu. Haujaninyang'anya. Kwa miaka mitatu nimeandika karibu kila wiki, ila si hapa na si kwa jina langu.

Hilo ni ungamo la kwanza.

Mimi, mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa, ni mpenzi wa Bonde la Mabawa. Kwa msioijua, hiyo ni tamthilia ya kigeni inayoonyeshwa Jumapili saa kumi jioni. Watu wa bonde hilo hupanda ndege wakubwa kuliko fahali, na kila mtoto anapozaliwa hupewa kifaranga wake. Mhusika mkuu ni binti aitwaye Ilora, ambaye ndege wake aliuzwa na baba yake mdogo kwa maadui. Mnajua nilivyokuwa nikisema juu ya mambo ya aina hiyo. Nilifundisha sehemu kubwa ya maisha yangu katika nchi isiyo na televisheni. Biashara ilipofunguliwa zikaja kanda za video, yakaja madishi, vikaja ving'amuzi, nami nikavidharau vyote kwa zamu. Kisha mama yenu akafariki. Jumapili moja nilipita mbele ya ukumbi wa video wa Bwana Salumu, nikasikia sauti ya mabawa, nikaingia kutazama ni kitu gani.

Sijatoka mpaka leo.

Ukumbini niliwakuta watu ambao nisingewatarajia: mafundi cherehani, wauza mitumba, walimu wa sekondari, mwuguzi mmoja. Walikuwa wamejiunga katika kundi na kuanzisha tovuti yao. Wasomaji wa tovuti hiyo wako Malampaka, Nkololo, Bukundi na hata miongoni mwa wauza dagaa wa Lamadi; wengi hawana televisheni, lakini wana simu. Wanachokisubiri ni muhtasari wa kipindi, unaowekwa kila Jumatatu asubuhi. Juu ya ukurasa pana sentensi moja: Hapa huandikwa kilichoonekana tu. Niliitunga mimi, nilipoombwa kuwa mlezi wa kundi.

Muhtasari wenyewe pia nimekuwa nikiuandika mimi, kwa mkono, Jumapili kabla giza halijaingia. Huupeleka kwa Kabula, mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala jirani na soko, naye huuchapa na kuuweka kwenye tovuti. Siku ya kwanza aliniuliza aweke jina la nani. Niliwaza baraza la wazee wa kanisa likisoma jina langu chini ya habari za ndege wanaosema.

"Weka lako," nikamwambia.

Akaliweka. Tangu hapo mji mzima humwita Mwandishi.

Sasa nieleze kosa.

Mwezi wa sita kilifika kipindi cha mwisho cha msimu. Ilora, akiwa na kisu mkononi, alimkuta baba yake mdogo kwenye ukingo wa mwamba. Hapohapo umeme ukakatika. Ukumbi mzima ulipiga kelele kana kwamba mtu ameuawa. Tulisubiri mpaka muda wa kipindi ukapita, umeme usirudi, na watu wakaondoka wakifarijiana: si kitu, Mwandishi yuko Mwanza, huko ataona, kesho tutasoma. Kabula alikuwa Mwanza kweli, akimwuguza dada yake hospitalini. Televisheni hakuiona kabisa.

Nilipofika nyumbani nilikuwa na neno moja tu la kuandika: Hatukuona. Niliandika neno hilo, nikalitazama, nikalikata. Niliwafikiria watu wa Bukundi wanaopanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao ili wasome. Nikaandika nusu iliyobaki kutoka kichwani mwangu. Niliandika kwamba Ilora alikitupa kisu, akamhukumu baba yake mdogo kuwalisha vifaranga wa maadui kwa mkono wake mwenyewe mpaka wajue kuruka. Nikamtungia na maneno ya kumwambia. Sijawahi kuandika kitu kwa furaha kama ile.

Kabula aliporudi Jumatatu alikuta karatasi chini ya mlango wa duka. Akachapa. Hakuwa na sababu ya kunishuku mimi.

Kipande cha vifaranga kilipendwa kuliko vyote vilivyotangulia. Bajaji moja hapa mjini imeandikwa maneno ya Ilora mgongoni. Mfugaji mmoja wa Bukundi aliiandikia tovuti kwamba, baada ya kusoma, amekwenda kumsalimia kaka yake ambaye hawakusemezana tangu walipogombania ng'ombe wa mahari. Kabula alinisomea ujumbe huo huku macho yamemlowa.

Nilisema, "Vizuri," nikaondoka.

Ndipo nilipoacha kuandika hapa. Nisingeweza kuwasimulia habari za pamba na mvua huku nikiruka hilo.

Jumamosi iliyopita Masanja, mwenyekiti wa kundi, alileta kutoka Mwanza diski zenye msimu mzima. Masanja anauza simu kituo cha mabasi. Nilimfundisha darasa la tatu. Mchana ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa sakafuni, na wote walikuja kwa ajili ya vifaranga. Tukafika kwenye mwamba. Ilora akamsukuma baba yake mdogo kwa mikono miwili, mzee akaanguka, na majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

"Vifaranga wako wapi?" mtu akauliza.

"Labda wameruka," akajibu mwingine kutoka nyuma.

Watu walicheka, kisha kicheko kikakatika. Vichwa vyote vikamgeukia Kabula aliyekaa mstari wa mbele.

"Mwandishi," Masanja akasema, "wewe uliwaona wapi?"

Kabula alisimama. Aligeuka akanitazama mara moja, kwa muda ambao mtu hutazama saa ya ukutani. Wakati ule alikuwa amekwisha kuelewa yote.

"Niliwaota," akasema, akatoka nje.

Mimi nilikuwa nimekaa. Niliendelea kukaa.

Jumanne Masanja alikuja nyumbani. Alinipa shikamoo akiwa bado mlangoni na hakutaka kiti.

"Mwalimu, watu wamewaka. Wa Malampaka wanapanda gari kuja, wa Nkololo wanakuja na pikipiki."

"Kwa ajili ya ndege wa kwenye televisheni?"

"Kwa ajili ya uongo, Mwalimu. Si ulitufundisha mwenyewe?"

Akaendelea kunieleza. Wanangu mnaikumbuka dagashida, mkutano wa jadi wa Wasukuma wenye mamlaka ya kumhukumu mwanakijiji. Vijana walilichukua jina hilo kwa utani, wakaliita hivyo kusanyiko lao la kila mwaka. Jumamosi hii saa nne asubuhi wanaitisha dagashida ya dharura, na utani umekwisha. Wanataka Kabula atengwe kama anavyotengwa mtu kijijini: jina lake lifutwe, asisalimiwe, na mwanachama yeyote asipeleke hata karatasi moja dukani kwake. Wateja wake karibu wote ni wanachama au ndugu wa wanachama. Duka hilo ndilo linalomlisha yeye na mama yake.

"Tunataka wewe ukalie kiti, utoe hukumu," Masanja akasema. "Mzee asiye na konakona hapa mjini ni wewe tu."

"Nikikataa?"

"Nitakaa mimi. Na mimi unanijua, sina breki."

Alicheka peke yake. Nilimwambia nitamjibu Ijumaa. Alinishukuru kana kwamba nimekubali.

Jana nilikwenda kwa Kabula. Mashine ya kutolea nakala ilikuwa imefunikwa kanga na dukani hapakuwa na mteja.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Mwalimu. Umekuja kutoa nakala?"

Nilimwomba msamaha. Nikamwambia kwamba Jumamosi nitasimama mbele ya wote niseme kipande kile nilikitunga mimi, na kwamba muhtasari wa miaka yote mitatu ni kazi ya mkono wangu. Nilitegemea atalia, au atanishukuru. Nakiri kwamba nilikuwa nimejiandaa kushukuriwa.

"Usiseme," akajibu.

"Nisiposema watakutenga."

"Watanitenga kwa kipande kimoja. Ukisema, itakuwa sijaandika hata kimoja."

"Kabula, huo ndio ukweli."

"Ukweli upi, Mwalimu? Wewe ulileta karatasi. Waliouliza maswali nimewajibu mimi, mmoja mmoja. Yule wa Bukundi alimwandikia nani, wewe? Wewe ulisema vizuri ukaenda zako."

Akaendelea.

"Darasa la sita ulinichapa kwa kunakili insha ya Ng'wasi, mbele ya wote. Miaka mitatu nimenakili zako na hujanichapa. Ilikufaa."

Kisha akateremsha sauti, akanipangia mambo kama mtu aliyeyafikiri kwa siku nne. Nikalie kiti. Nimtoze faini ya mbuzi na kreti za soda, basi. Ataomba radhi, atakaa kimya kwa miezi miwili, atarudi kuwa Mwandishi. Nikamwuliza, na Masanja?

"Masanja anakuogopa tangu darasa la tatu. Ukitamka wewe, hakuna atakayefungua mdomo."

Ni kweli. Mpango wake unaweza kufaulu, na unanifaa sana. Hilo ndilo linalonitisha.

Nimeukagua tangu jana kama nilivyokuwa nikikagua madaftari. Nikisema, nitatua mzigo wangu mwenyewe na kwa mdomo huohuo nitamnyang'anya jina nililompa kwa sababu nililionea aibu langu. Atarudi kuwa mchapaji, na pengine watamcheka kuliko wanavyomchukia sasa. Nikinyamaza, nitakaa juu ya kiti nimhukumu mwanamke kwa kosa langu, naye atanunua mbuzi.

Ipo njia ya tatu. Niseme kwamba nilitunga kipande kimoja tu, kile cha vifaranga, nikamletea akiwa ametoka kuuguza, naye akaniamini. Mengine yote ni yake. Watamsamehe pale pale. Mimi nitakoma kuwa mlezi, na Jumapili baraza la kanisa litaniita. Huo nao ni uongo, na maneno yake yamenijia kwa urahisi uleule wa mwezi wa sita. Lakini kati ya uongo wangu wote, huo peke yake ndio utakaonigharimu mimi.

Je, ni haki kumwachia jina ambalo nusu yake amelifanyia kazi kweli? Nilipokuwa darasani nisingelivumilia swali la namna hiyo. Ningemwambia mwanafunzi akae chini.

Sijui kama nikifuata anavyotaka Kabula nitakuwa namheshimu, au nitakuwa najificha nyuma yake kwa mara ya pili. Ninyi sita msinipigie simu kunishauri. Mtanihurumia, na huruma yenu itaniegemeza upande ulio rahisi.

Leo asubuhi nimepiga pasi shati jeupe. Sijui kama nitalivaa nikiwa hakimu au mshtakiwa.

Masanja atakuja kesho kuchukua jibu, na nitamwambia kwamba nitakuja. Baada ya hapo zitabaki hatua chache kutoka mlangoni mwa ukumbi mpaka kwenye kiti, na kabla sijakifikia itanibidi niwe nimechagua. Jioni ya Jumamosi hiyohiyo nitawaandikia hapa nilichokisema, neno kwa neno, hata kama ni maneno yatakayowafanya mwone haya kuwa wanangu.