Sauti Nyumbani kwa Nyaboke

Ikonge, 4 Machi 2024

Mdogo wangu Ogeto,

Hamjambo huko Kiogoro? Mimi mzima, ila magoti tu. Ile mashine kuukuu uliyoichukua shule ya wasioona walipokuwa wakiitupa inafanya kazi. Nikilaza kitabu juu ya kioo chake, inakisoma kwa sauti. Kiswahili inakitamka kama Mzungu mwenye mafua, lakini tangu macho yangu yazime sikuwa nimewahi kusoma peke yangu. Nililia. Sasa usinipigie simu. Chapa barua, niisome mwenyewe; kuandika, mkono wangu bado unakumbuka.

Majirani wanauliza nimeweka mwanamume gani ndani.

Dada yako,
Nyaboke

Kiogoro, 12 Machi

Dada mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi wazima, na watoto wanakusalimu. Nimecheka, lakini hao majirani waite ndani waiguse. Usiwaache wakisikilizia dirishani.

Mdogo wako,
Ogeto

Kiogoro, 2 Aprili

Dada,

Hujambo? Hujajibu, na simu yako imezimwa. Nasikia shemeji yako Nyangau amefiwa na mtoto kwa malaria. Poleni. Lakini mbona kila ninayempigia hapo Ikonge anakata simu nikikutaja? Jumamosi nakuja.

Mdogo wako,
Ogeto

Nyamira, 4 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Afya yangu ni hii: niko hai. Barua yako imenifikia hospitalini. Usiende nyumbani, imeteketea. Mikono yangu yote imevunjwa, na anayeniandikia ni Gesare, mke wa Nyangau.

Nyangau na majirani walikuja mchana, wakitoka kumzika mtoto. Nyangau akasema sauti ya nyumbani kwangu ni ya uchawi, ndiyo iliyomwita mwanawe kaburini. Nikawaambia, "Ingieni muisikie." Nikaiwekea mashine Zaburi. Ilisoma mstari mmoja, shoka likaipasua. Kisha wakanigeukia kwa rungu. Nilisikia mifupa ikivunjika kabla sijahisi maumivu. Wakaniburuta uani, wakanimwagia mafuta ya taa.

Gesare akaja akanilalia. "Huyo mtoto nilimzaa mimi," akawaambia. "Haya, washeni, tuungue wote." Nyangau alimpiga teke mgongoni, hakuniachia. Mwenye kiberiti akageuka, akachoma nyumba.

Polisi walimkamata Nyangau, lakini jana alitoka kwa dhamana. Amemtumia mkewe ujumbe kwamba anamngoja nyumbani.

Gesare ameweka kalamu chini mara mbili. Nimemwomba aandike na hili, ingawa hataki: Jumamosi ukija, njoo na gari. Tuko wawili.

Dada yako,
Nyaboke