Mzee wa Besi Niliyemdaka Mkono

Dada Fransi, umekosa mazoezi ya kwaya leo, na mimi nimekosa pa kuficha uso.

Yule mkimbizi tuliyemweka besi, mzee Juvenali, alikuwa anapunga mkono tukiimba. Nikaudaka ule mkono mbele ya watu! "Mzee, kupunga ni kazi ya mwalimu."

Akajibu, "Sawa, mwalimu." SAWA MWALIMU!

Mara mama mmoja aliyevuka juzi kutoka Burundi akapiga kelele: "Huyu si ndiye aliyeongoza bendi ya televisheni kwetu miaka ishirini!"

Nikamwamkia upya, shikamoo, nikamwachia nafasi yangu mbele. Akakataa kabisa. "Miaka yote nimeimbisha watu. Huku nimepata kuimba, usininyang'anye."

Halafu akaninong'oneza: "Nilipunga kwa sababu sauti ya pili wanachelewa kuingia. Hasa yule dada ambaye leo hakuja."

Fransi, ni wewe.