Herufi Yangu ya Kuku

Lulu,

Usifungue banda. Kuku waliokufa nimewafunika kwa gunia, usiwaguse, na mtu asichinje hata mmoja. Uji wa bibi yako uko kwenye chupa. Nimekwenda Kerege kumtafuta bwana mifugo, maana simu yake haipatikani tangu alfajiri.

Nilipoamka niliwakuta wanasinzia, shingo zimepinda. Nikawasha kompyuta kama ulivyonielekeza: pale juu kabisa kwenye intaneti niandike k, njia ya mkato uliyoniwekea, niache nafasi, kisha niandike shida ya kuku, na ukurasa wa wafugaji utafunguka wenyewe. Nikaandika "k wanasinzia shingo upande". Likafunguka duka la kanga, likanijibu kuwa halina kanga ya jina hilo.

Kumbe k umeigeuza iwe ya kutafutia kanga za harusi. Hukuniambia. Nimejaribu tena na tena, huku nawasikia wanaanguka bandani. Njia nyingine ya kufika kwa wafugaji siijui, mwanangu. Na kuku hao ndio wa harusi yako.

~~Nikirudi nisiikute kompyuta hiyo hapa mezani.~~ Iache. Nirudishie tu k yangu.

Viatu ulivyoingilia bandani jana usiende navyo kwa jirani Hajra, tutamuulia na kuku wake.

Mimi nilikufundisha herufi zote, hapa hapa kwenye meza hii. Wewe ulinifundisha moja tu, na hiyo hiyo ukaichukua.

Mama yako