Sahani Moja, Vijiko Viwili

Mpenzi wangu,

Hiyo picha uliyonitumia nimeiangalia mara tatu hapa buchani, na kila mara sahani ni moja, vijiko viwili. Umeandika kwamba ugenini huko chakula kisicho na nyama, maziwa wala mayai kinasumbua kukipata, ila mpishi wa hosteli anakuonjea kwanza, usije ukanyweshwa supu ya mifupa bila kujua. Nashukuru hulali njaa. Ila nauliza tu, anaonja kwa kijiko cha nani?

Maana kuonja ilikuwa kazi yangu. Kila tulipoalikwa mahali, mimi ndiye niliyetangulia kwenye sufuria. Ulisema ulimi wa mtu wa bucha haudanganyiki, hata tone la mafuta unalitambua. Mimi maneno matamu siyajui, nilikuwa naonja tu.

Huku wazima. Mama anakusalimu, viatu vyako ameshavipeleka kwa fundi. Nyama sijaitia mdomoni tangu uondoke. Bosi ananicheka mbele ya wateja, "Huyu mpenzi wake mla mchicha, msimsogezee maini." Mimi naendelea kukata.

Huyo mpishi mpe asante yangu. Halafu mwambie una mwonjaji wako nyumbani.

Sasa naondoka, maana dada wa mboga sokoni anafunga saa kumi. Nakwenda kumwomba kazi, ili ukirudi mikono yangu isikunukie damu ukaanza kumkumbuka mtu.

Ni mimi, mwonjaji wako