Kaka, Mwanaidi Aliamka

Mpendwa kaka Ramadhani,

Shikamoo. Popote ulipo, kabla hujaendelea, soma hili kwanza: mkeo yu hai. Mwanaidi aliamka alasiri ile ile.

Nakuandikia gazetini kwa sababu sina anwani yako. Mwezi uliopita mfanyabiashara mmoja wa kwetu Kondoa alirudi kutoka machimboni Mirerani. Akasema huko kuna fundi wa kuchomelea, mtu wa kwetu, mrefu, ana kovu la moto kwenye kiganja, na huwaambia watu kwamba alifiwa na mke na mtoto siku moja. Miaka mitatu tulidhani umetukimbia, kumbe unamlilia mtu aliye hai! Nikapanda basi nikaenda huko Mirerani. Nikaambiwa umehama, na hakuna ajuaye umeelekea wapi.

Kaka, kosa ni langu. Nataka ulisikie kutoka kwangu.

Unakumbuka karakana yako ya Kizota, kule Dodoma? Shirika mlilofanyia kazi lilipofungwa nanyi mkapunguzwa kazini, hukukaa kulalamika. Uliezeka mabati yako machache ukaanza upya. Nikitoka shuleni nilipita kwako na madaftari ya kidato cha nne, nikasahihisha huku ukichomelea mageti. Siku moja uliniuliza ninawafundisha nini. Nikakwambia: mimenyuko ya kemikali inayokwenda na kurudi.

"Mimi chuma nikishakiunga, hakirudi," ulisema.

Nikakueleza kwamba kuna vitu huungana na kuachana kwa wakati mmoja, mpaka kasi ya kwenda ilingane na ya kurudi. Mwanzoni mabadiliko huwa ya haraka. Kadiri yanavyoukaribia huo msawazo, ndivyo yanavyozidi kuwa ya polepole. Ukavua miwani yako ya giza ukacheka. "Kama mtu anayerudi kwa wakwe aliogombana nao. Njiani mbio, mlangoni anajikokota."

Basi nilijua kueleza, kaka. Nilijua vizuri. Siku ilipohitajika, sikueleza.

Ulikuwa mwezi wa saba, upepo wa Dodoma ukikata mifupa. Mwanaidi alikuwa na siku tisa tangu ajifungue. Uliwawekea jiko la mkaa chumbani ili wasipate baridi, ukaziba dirisha kwa gunia, mwenyewe ukalala sebuleni. Nilipofika asubuhi na uji, ndipo ulipokuwa unafungua mlango wa chumba kile. Mtoto alikuwa ameshakwenda. Mwanaidi alikuwa anapumua, mdomo wazi, haitiki.

Hospitali mtungi wa oksijeni wa wodini ulikuwa mtupu. Nikamwambia daktari kwamba hewa ya mkaa imeishika damu yake, lakini haiishiki moja kwa moja. Inaachia, ila kwa hewa hii ya kawaida itachukua saa nyingi mno. Hukungoja nimalize. Ulikimbia Kizota ukarudi na mtungi wako wa oksijeni begani, shati limelowa jasho.

"Hii si ya kuchomelea vyuma?" daktari aliuliza.

"Daktari, una nyingine?" ulimjibu.

Akaleta barakoa. Ulifunga mpira wa hewa kwa mikono yako, ukafungua valvu kidogo kidogo. Ndipo ukanigeukia. "Kwa hii itachukua muda gani?"

Nikakujibu, "Saa moja."

Saa moja! Neno nililolimeza ni "nusu". Nilitaka kusema kwamba kwa oksijeni safi, katika saa ya kwanza, nusu ya sumu itaondoka. Saa inayofuata inaondoka nusu ya iliyobaki. Halafu tena nusu ya hiyo. Na hata damu ikisafika, akili huweza kuchelewa kuzinduka. Wanafunzi wangu wangeniandikia hayo kwenye mtihani. Wewe, ndugu yangu wa tumbo moja, nilikupa neno moja nikakimbilia kwa wanawake waliokuwa wanamwandaa mtoto.

Niliporudi ulikuwa umesimama chini ya saa ya ukutani. "Saumu, saa moja imepita," ulisema. "Hata kope hazijatikisika."

Nikasema, "Subiri." Basi. Sikusema kingine. Wanaume wakaja kukuita mkazike. Ukambeba mwanao mikononi ukatoka bila kugeuka nyuma. Makaburini, walisema baadaye, ulitupa udongo wa mwisho ukasema, "Nimewaua wote wawili." Mwenzako mmoja alikuona ukipanda basi la Babati. Adhana ya alasiri ilipokuwa inaadhiniwa, Mwanaidi alifumbua macho akauliza, "Baba Yusufu yuko wapi?"

Tulitangaza redioni. Tuliandika barua kila tulikokuwa na mtu. Sasa mkono wake wa kushoto unatetemeka, na mara nyingine anasahau jina la kitu alichokishika, lakini anapika, anashona, anacheka. Kaburi la Yusufu analifahamu. Yeye mwenyewe ndiye anayelipalilia. Sijawahi kumsikia akikulaumu, hata siku moja.

Lakini kaka zake wamechoka. Wanataka aende kwa sheikh, ndoa ivunjwe, kwa kuwa mume hajulikani aliko. Amewaomba wangoje mpaka mwezi wa mfungo uishe. Jana nilimkuta uani anapepeta uwele. Nikamweleza kila kitu, ile saa moja, nusu niliyoimeza, na jinsi unavyojiita mfiwa. Alisimamisha ungo.

"Wifi," akasema, "basi yeye ndiye hajaamka. Mwamshe."

Sijui njia nyingine ya kukuamsha isipokuwa hii. Yeyote anayemjua fundi huyu, kama hajui kusoma au hataki, msomee kwa sauti, msomee hata akikufukuza.

Na wewe kaka, usikae kuandika jibu. Barua huchelewa. Panda basi.

Mdogo wako,
Saumu